Betri ya Gari: Bei Niliyotajiwa na Bei Niliyolipa

Saa kumi na moja alfajiri nilizungusha ufunguo, nikasikia tak-tak-tak-tak chini ya boneti, basi. Taa za dashibodi zikafifia. Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kadi yake ya hospitali mkononi. Ilikuwa siku ya kliniki yake, na foleni ya pale haimsubiri mtu. Nikazungusha tena. Tak-tak. Mara ya tatu hata huo mlio haukuja.

Jirani ndiye aliyetuokoa. Alisogeza gari lake likatazamana na langu, akatoa waya za jampa, tukaunganisha, injini ikashika. Tulifika tumechelewa. Mama akapangwa wa mwisho, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana bila kunung'unika hata mara moja. Ukimya ule uliniuma kuliko angenigombeza. Nikajiapiza kwamba siku ileile, kabla jua halijazama, gari litapata betri mpya, liwalo na liwe.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya wakala aliyeniuzia gari. Mhudumu wa mapokezi alinisikiliza vizuri, akachukua ufunguo, akarudi baada ya dakika zisizozidi 10. "Betri imekufa," akasema. "Na lazima iwe ya kampuni. Ukiweka nyingine unaharibu mfumo wa umeme, na waranti inapotea." Kisha akanisogezea karatasi ya makadirio.

Ilikuwa na mistari mitano. Betri. Uchunguzi wa mfumo wa umeme. Kazi, saa moja. Utupaji wa betri chakavu. Vifaa vidogo vya karakana. Jumla yake niliisoma mara mbili, nikidhani nimeona vibaya. Hata hivyo kalamu ilikuwa tayari mkononi, maana picha ya mama kwenye lile benchi haikunitoka. Kilichonizuia kilikuwa kitu kidogo tu: mstari wa uchunguzi haukuwa na namba yoyote mbele yake zaidi ya bei. Nilikuwa nalipishwa kipimo ambacho majibu yake hayakuandikwa popote. Nikauliza, "Betri imesoma volti ngapi?" Akasema fundi ameshaiona, imekufa. Nikaomba niondoke na karatasi ile nikafikirie. Kwa kuwa injini bado ilikuwa na joto, gari liliwaka, kwa taabu, nikaenda zangu.

Mjomba wangu amefanya kazi ya umeme wa magari kwa zaidi ya miaka 30. Siku hizi amestaafu, lakini sanduku lake la vifaa bado liko mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilimpigia simu nikamweleza yote, nikamtajia na bei. Bei hakuishughulikia. Aliuliza neno moja: "Wamepima?"

Nikamwambia sijui.

"Basi lete gari, mjomba. Lilale hapa. Usiku huu hatupimi kitu."

Sikuelewa kwa nini tusubiri. Akanieleza kwamba betri iliyotoka barabarani muda huohuo inadanganya. Alteneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, imekuwa ikiisukumia umeme njia nzima, kwa hiyo ukiipima papo hapo unasoma volti za juujuu ambazo baada ya saa chache zinayeyuka. Ukitaka ukweli wake, iache itulie usiku kucha, gari likiwa limezimwa kabisa.

Asubuhi alinipa multimita niipime betri mwenyewe. Ni kifaa kidogo cha kupimia umeme, cha kushika kwa mkono mmoja, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ule mstari mmoja wa uchunguzi kwenye makadirio. Unaiweka kwenye volti za DC, yaani umeme wa aina ya betri, ncha nyekundu unaigusisha kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, nyeusi kwenye cha kutoa. Ikasoma 11.98.

Hapo ndipo nilipofundishwa kitu ambacho nimekuwa nikimfundisha kila mtu tangu siku ile. Betri tunayoiita ya volti 12 si ya 12 kamili. Ndani yake kuna vyumba sita vyenye sahani za madini ya risasi zilizozama kwenye maji ya asidi, na kila chumba kikiwa kimejaa hutoa volti 2.1 hivi. Sita mara 2.1 ni 12.6. Kwa hiyo betri nzima iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki robo tu. Mtu asiyejua anaona 12 anafurahi, kumbe betri iko hoi.

Lakini kuwa tupu si kuwa mbovu. Hili Mjomba alilirudia mara mbili. Betri inaweza kuwa tupu kwa sababu umesahau taa, au kwa sababu alteneta haiichaji, ilhali yenyewe ni nzima. Akaifunga kwenye chaja yake ya polepole siku nzima, akaichomoa jioni, tukaiacha tena itulie usiku. Kesho yake ikasoma 12.31. Betri iliyochajiwa mpaka chaja yenyewe ikaonyesha imejaa, halafu inalala na kuamka na 12.31, haishiki tena umeme. Kisha akanituma nipige starta yeye akiangalia multimita. Ilishuka mpaka 8.4. "Ingekuwa nzima isingeshuka chini ya 9.6," akasema. Mwisho, injini ikiwa inanguruma, akaniita nisome mwenyewe: 14.2. Akawasha taa kubwa na feni, ikabaki 14.0. Alteneta inafanya kazi yake. Kama ingesoma 12 na kitu wakati injini inazunguka, hata ningenunua betri ya dhahabu ingekufa ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo wale wa karakana walikuwa sahihi: betri ilikuwa imekufa. Ilikuwa na umri wa miaka mitano, na safari zangu nyingi ni fupi fupi, ambazo hazimpi alteneta muda wa kurudisha kilichotumika. Sina ugomvi na hukumu yao. Ugomvi wangu ni na ile karatasi, na nitaueleza, kwa sababu karatasi za namna hiyo zinafanana kote.

Tuanze na betri yenyewe. Kampuni nyingi za magari hazitengenezi betri. Hununua kwenye viwanda vya betri, zikabandikwa nembo ya gari, na nembo hiyo ikapandisha bei. Duka la betri nililokwenda baadaye lilikuwa na betri ya ukubwa uleule, nguvu ileile au zaidi, na waranti ndefu kuliko ya wakala, kwa karibu theluthi moja ya jumla niliyotajiwa. Theluthi moja! Nilisimama pale dukani na makadirio mkononi, nikihisi hasira ya mtu aliyekaribia kusaini.

Kazi ya saa moja: mara yangu ya kwanza kabisa, nikiwa sijawahi kushika betri, nilitumia dakika 40, na nusu yake ilikuwa ya kusafisha kutu. Fundi mzoefu anamaliza kwa robo saa. Zaidi ya hayo, maduka mengi ya betri hukufungia bure ukinunua kwao, ukiuliza. Lazima uulize.

Utupaji wa betri chakavu ndio mstari ulionikera kuliko yote. Betri kuukuu ni mali. Karibu risasi yote iliyomo ndani huyeyushwa na kutengenezewa betri nyingine, ndiyo maana wanunuzi wake hawakosekani. Duka lilinipunguzia bei kwa kuwa nilirudisha ile ya zamani. Wakala alitaka kuichukua mali yangu na kunidai pesa za kuichukua. Ila nisieleweke vibaya, betri haitupwi jalalani wala haivunjwi uani. Risasi ni sumu, na kwa watoto ni sumu mbaya zaidi, na ile asidi inaunguza. Irudishe dukani au uipeleke kwa wanaozipokea kwa utaratibu.

Na ile habari ya waranti kupotea? Usiku ule nilikitoa kijitabu cha waranti kwenye droo ya gari nikakisoma ukurasa kwa ukurasa. Hapakuwa na sentensi hata moja inayonilazimisha kununua betri kwao. Kilichotajwa ni betri yenye vipimo vinavyolingana na vya gari. Maneno ya mdomoni na maneno ya kwenye kitabu yalikuwa vitu viwili tofauti. Hapohapo niongeze jambo ambalo wengi hulisahau: kama gari bado ni jipya na waranti yake haijaisha, waulize kwanza kama betri nayo imo. Mara nyingine hubadilishiwa bure, na huna haja ya kununua popote.

Sasa, vipimo. Hapa ndipo mtu anapookoa pesa au anapozimwaga. Kabla ya kwenda dukani nilifungua boneti nikapiga picha lebo ya betri kwa simu, nikapiga na picha nyingine kutoka juu inayoonyesha waya mwekundu uko upande gani. Lebo yangu ilikuwa na maandishi 55D23L. Kwa miaka mitano nilikuwa nikiyaona bila kuyasoma. Kumbe ni anwani kamili ya betri. 55 ni daraja la nguvu, si ampea-saa kama wengi tunavyodhani. D ni kundi la upana na kimo. 23 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, inaeleza vichwa vimekaa upande gani. Betri za mtindo mwingine huandikwa waziwazi, kwa mfano 12V, 60Ah, 540A. Ah, yaani ampea-saa, ni akiba yake, yaani inaweza kutoa umeme kiasi gani kwa muda gani. Ile namba kubwa ya ampea ni nguvu ya kuwashia. Kwenye nyingine utaona CCA, ambayo ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Ukubwa wa umbo ulingane na kikalio, pale betri inapokaa garini, aina ilingane, nguvu ya kuwashia iwe sawa na iliyotajwa au izidi, isipungue.

Nilidhani nimeshaelewa yote. Muuzaji alinipa betri, nikalinganisha 55, nikalinganisha D23, nikalipa nusu ya malipo nikabeba. Nyumbani niliitoa ya zamani, nikaweka mpya kwenye kikalio ikakaa barabara. Nikavuta waya mwekundu. Ulikuwa mfupi. Kichwa cha kujumlisha kilikuwa upande wa mbali, na kilichokuwa karibu na waya mwekundu ni kile cha kutoa. Mkono wangu, nasema kweli, ulikuwa unaelekea hapo hapo palipo karibu. Mjomba alinishika kiwiko. "Soma herufi ya mwisho." Ilikuwa R.

Ukifunga betri kinyume, umeme unakwenda kinyume ndani ya gari zima. Ukiwa na bahati fyuzi kuu inakatika yenyewe tu. Ukikosa bahati, daiodi za alteneta zinaungua, na kompyuta za gari zinaweza kufuatia. Pesa yote niliyokuwa nimeokoa ingeteketea ndani ya sekunde moja, na nyingine juu. Niliirudisha dukani siku ileile, ikiwa haijaguswa na waya wowote, wakanibadilishia bila maneno. Tangu hapo sinunui betri kabla ya kuiweka kaunta, kuigeuza ielekee vile itakavyokaa garini, na kugusa kwa kidole kila kichwa nikitamka: huku kujumlisha, huku kutoa. Watu wananitazama, sijali.

Jambo jingine nililojifunza pale kaunta ni umri. Betri inazeeka hata ikiwa rafuni. Umeme unavuja wenyewe taratibu, na ikikaa muda mrefu bila chaji, sahani zake hujenga ugumu mweupe wa salfeti ambao chaja haiuondoi tena. Betri nyingi zina alama ya tarehe iliyopigwa kwenye plastiki au kubandikwa: aghalabu herufi ya mwezi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba, na tarakimu ya mwaka. Ile ya kwanza waliyonipa badala ya R ilikuwa imekaa rafuni zaidi ya mwaka. Nilikuwa na multimita mfukoni, nikaomba niipime. 12.28. Nikaomba nyingine. Muuzaji alikunja uso kidogo, akaingia stoo, akaja na ya miezi miwili. 12.62. Hiyo ndiyo nikaichukua. Hawakunidharau kwa kupima, nadhani waliniheshimu zaidi.

Kuifunga kwenyewe nitakueleza kama nilivyoonyeshwa, kwa sababu mpangilio wake una maana.

Zima gari, toa ufunguo, uweke mbali. Kama redio yako inadai namba ya siri baada ya umeme kukatika, hakikisha unayo kabla ya kugusa chochote. Vua saa na pete. Mjomba ana kovu la duara kwenye kidole cha pete, na hakuhitaji kunihubiria zaidi ya kunionyesha. Mara nyingi spana namba 10 inatosha kazi nzima.

Unaanza kufungua waya mweusi, wa kutoa. Daima. Sababu ni kwamba mwili wote wa gari umeunganishwa na upande huo. Ukianza na mwekundu, spana yako ikateleza na kugusa bodi, umeunganisha kujumlisha na kutoa kwa kipande cha chuma ulichokishika. Betri ya gari inatoa mamia ya ampea bila kufikiri, na spana inawaka nyekundu. Ukishaondoa mweusi kwanza, mzunguko umekatika, na spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Wakati wa kufunga unageuza: mwekundu kwanza, mweusi mwisho.

Klampu ya waya wangu mweusi, kile kibano kinachoshika kichwa cha betri, ilikuwa imegandiwa na unga mweupe wenye ukijani, mgumu kama chokaa. Nilitaka kuigonga kwa nyundo. Mjomba akasema hapana, kichwa cha betri ni risasi, ni laini, na ukikigonga kinalegea kutoka kwenye sahani zake. Tulikoroga bekingi soda kwenye maji ya uvuguvugu, tukamwagia kidogo kidogo. Ikachemka povu, sss, ukasikia kabisa inavyokula asidi. Baada ya dakika chache klampu ikazunguka kwa mkono, kushoto, kulia, ikatoka. Ndani yake chuma kilikuwa cheusi. Tukakisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa. Nilipokiona kilivyokuwa, nikaelewa kwamba hata betri mpya ingesumbuka juu ya klampu chafu ile. Na kuna magari ambayo yanahitaji usafi huo tu, hayahitaji betri kabisa. Anza na usafi kabla ya kufungua pochi.

Kisha kuna kile chuma kinachoikaza betri isiruke. Bolti yake ilikuwa chini, pembeni, mahali pa giza, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho kuliko kazi yote. Usiiache bila kuikaza tena. Betri inayotikisika barabarani sahani zake hupukutika kabla ya wakati. Betri ni nzito, yangu ni kama kilo 15, na unainyanyua ukiwa umeinama vibaya juu ya mdomo wa gari. Ishike kwa mikono miwili, isimame wima muda wote, mgongo uusaidie kwa magoti.

Mpya ikakaa. Nikaikaza, nikafunga mwekundu, nikafunga mweusi, nikajaribu kuzungusha klampu kwa mkono: hazikucheza. Grisi nyembamba juu ili unga usirudi. Nilipiga starta na injini ikashika kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Saa ya gari ilikuwa imerudi sifuri. Kioo cha dereva kilisahau kupanda chenyewe, nikakishikilia swichi juu sekunde kadhaa kikakumbuka. Injini ilikaa ikitikisika kidogo siku ya kwanza ikisimama kwenye foleni, kesho yake ikatulia.

Miezi kadhaa baadaye dada yangu alinipigia. Gari lake ni la kisasa, linazima injini lenyewe kila linaposimama kwenye taa na kuwaka tena. Alikuwa ametajiwa bei iliyozidi hata yangu, akataka tufanye kama nilivyofanya. Nilimwambia, "Dada, lako si kama langu, tusikurupuke." Magari ya namna hiyo hutoka kiwandani na betri aina ya AGM au EFB, zilizotengenezwa kustahimili kuwashwa mara nyingi kwa siku. Ukiweka ya kawaida kwa sababu ni rahisi, inakufa mapema na pesa imepotea. Lililotoka na AGM lirudishiwe AGM. Kuna pia magari, yakiwemo mengi ya BMW, ambayo kompyuta yake hufuatilia umri wa betri na kupanga namna ya kuichaji. Ukiweka mpya ni lazima ulitaarifu kwa mashine, la sivyo linaendelea kuichaji kama mzee. Na betri yake ilikuwa kwenye buti, si mbele, ikiwa na kimrija chembamba cha kutolea gesi nje. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo kimrija hicho hakisahauliki.

Tulinunua AGM ya vipimo vyake kwenye duka la betri, tukamtafuta fundi wa umeme wa kujitegemea mwenye mashine ya kusomea gari, akaifunga na kuisajili tukiangalia. Duka na fundi pamoja havikufika nusu ya bei ya wakala. Kama gari lake lingekuwa haibridi, linalotumia injini na mota ya umeme pamoja, na shida iko kwenye ile betri kubwa, yenye nyaya nene za rangi ya machungwa, ningemwambia aende kwa waliosomea na alipe wanachosema. Volti zake ni mamia, zinaua. Hapo mtu analipia uhai wake, na sitamshauri yeyote abane pesa.

Rafiki yangu mmoja yeye alinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, zote kwa wakala, zote kwa bei ile ya kutisha. Kila akiliacha gari wiki moja, halitaki kuwaka. Aliponisimulia nikamwomba tujaribu kitu kimoja kabla hajanunua ya tatu. Tulifunga gari, tukasubiri karibu saa nzima kompyuta zake zilale, tukachomoa waya mweusi na kuweka multimita katikati ya waya na kichwa cha betri, ikiwa kwenye ampea. Gari lililolala vizuri hunywa umeme mdogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50, za saa na king'ora. Lake lilikuwa linakunywa ampea 0.4. Ukizidisha kwa saa 24 unapata ampea-saa 9.6 kwa siku. Betri yake ni ya 60. Siku tatu, karibu nusu imekwisha. Siku sita, hakuna kitu. Tukachomoa fyuzi moja moja, namba ikabaki palepale, palepale, mpaka tulipochomoa ya redio iliyofungwa na mtu wa mtaani: ikaanguka mpaka 0.03. Waya wa redio ulikuwa umeunganishwa mahali pasipozimika. Kuuhamisha kulichukua nusu saa. Alikaa kimya akiwa amechuchumaa kando ya gari, akihesabu kichwani zile betri mbili. Sikuwa na la kumwambia.

Kwenye makadirio yake ya mara zote mbili, mstari wa uchunguzi ulikuwepo na ulilipwa.

Siku hizi kuna karatasi nimeibandika ndani ya boneti, nimeizungushia selotepu isilowe. Imeandikwa 55D23L, tarehe niliyofunga, volti siku ya kwanza, volti wakati wa kupiga starta, volti injini ikiwaka. Kila baada ya miezi mitatu naongeza mstari. Mjomba aliiona akaomba kalamu, akaandika pembeni namba yake ya simu kwa mwandiko mkubwa, kwa ajili ya yeyote atakayelifungua gari hili mimi nikiwa sipo. Jana nilipima kabla ya kumpeleka mama kliniki. 12.57. Tulifika wa pili kwenye foleni.